Fizi, nchi ambayo mlango wake ni maji

Asubuhi na mapema pwani ya Mushimbake, mjini Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, taa za wavuvi zimeshazimwa na ndagala bado wanameta ndani ya mabeseni. Mama mmoja anachota konzi, anainusa, anairudisha.

“Papa, hawa ni wa jana.”

“Wa jana wapi, mama? Angalia macho yao!”

Macho yanaangaliwa, bei inashuka kidogo, beseni linapanda kichwani. Kufikia jua kali, sehemu ya samaki hao itakuwa imeanikwa, nyingine imefungwa kwenye magunia ya kupelekwa milimani. Ukitaka kuielewa Fizi, anzia hapa mchangani. Makao makuu ya wilaya, Fizi yenyewe, yako juu milimani, nyuma ya Baraka, ila sehemu kubwa ya historia yake imeingia na kutoka kwa njia ya maji.

Wilaya hii, ambayo Wakongo huiita teritware, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 15,800. Ni karibu robo ya Kivu Kusini na zaidi ya nusu ya nchi nzima ya Rwanda. Imegawanyika katika sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Zinaitwa sekta, si milki za machifu, kwa kuwa wakoloni wa Kibelgiji hawakumkuta kwa Wabembe wa hapa mfalme mmoja wa kumkalisha kitini. Walikuta koo, kila moja na wazee wake, na chama cha Bwami kilichompa mtu heshima daraja kwa daraja. Pwani walikuwako Wazoba na Wabwari, watu wa mtumbwi na wavu. Juu kabisa, kuelekea Itombwe, ni nyasi, baridi na ng'ombe, nchi ya Wanyamulenge na majirani zao.

Mbele ya Baraka kuna rasi ya Ubwari, ulimi mrefu wa milima ulioingia ziwani na kufanya ghuba iliyotulia. Aprili 1858 Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke walipita hapa kwa mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji, wakienda Uvira kutafuta chanzo cha Nile. Burton aliiona Ubwari akadhani ni kisiwa. Wapiga makasia wake wangeweza kumwambia vingine, lakini ramani ilichorwa na aliyeshika kalamu, na hata leo ghuba hiyo ina jina lake. Uvira nako waliambiwa kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Nile haikuwa pale.

Njia hiyo ya maji wakati huo ilikuwa ya wafanyabiashara wa Ujiji: pembe, chumvi, nguo na watu waliofungwa kamba shingoni. Mapadri wa White Fathers walipoweka makazi Kibanga, upande huu wa ziwa, mwaka 1883, sehemu ya waumini wao wa kwanza walikuwa watoto walionunuliwa kutoka utumwani. Kiswahili kilikuja kwenye mitumbwi hiyo hiyo, kwa watu wa misafara na wachuuzi. Ndiyo maana mvuvi wa Baraka na mwenzake wa Kigoma wanaelewana bila mkalimani, ingawa mmoja atasema ndagala na mwingine dagaa.

Kigoma ndiko alikotokea pia mgeni maarufu kuliko wote. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, boti ilimshusha Kibamba, pwani ya Fizi, mwanamapinduzi aliyekuwa waziri nchini Cuba. Kwa siri yeye na wenzake walikuwa wamechukua majina kutoka hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo Mbili, na Che Guevara akawa Tatu. Alikuja kuwasaidia Wasimba waliokuwa wakipigana na serikali kuu. Alikuta wapiganaji wanaoamini kwamba dawa ya mganga hugeuza risasi kuwa maji, na viongozi wengi wakiwa ng'ambo, Kigoma au Dar es Salaam. Mmoja wa wale wachache aliowaheshimu, Léonard Mitoudidi, alizama ziwani mwezi Juni. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, wa upande wa serikali, nao walishuka Baraka kwa boti, na Oktoba Fizi ikaanguka. Tarehe 21 Novemba Che alivuka kurudi Kigoma. Baadaye aliandika waziwazi kwamba ile ilikuwa hadithi ya kushindwa.

Kati ya viongozi wa waasi hao, aliyebaki ni Laurent-Désiré Kabila. Mwaka 1967 aliunda chama chake, PRP, akajenga kijinchi chake milimani, Hewa Bora, na dhahabu ya huko ikawa miongoni mwa vilivyomlisha. Mei 1975 watu wake walivuka ziwa usiku wakateka wanafunzi wa Kizungu kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, Tanzania. Miaka 22 baadaye aliingia Kinshasa kama rais. Wazee wa pwani hawakushangaa sana. Kwao alikuwa jirani wa muda mrefu, na si kila mara jirani mwema.

Vita vilivyompandisha ndivyo vilivyoimwaga Fizi majini. Kuanzia mwishoni mwa 1996, familia zilijaa kwenye boti za mbao kuelekea Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ikafunguliwa mwaka huo huo. Mauaji ya Makobola, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, yaliua mamia na kuongeza wakimbizi. Watoto walizaliwa Nyarugusu, wakasoma huko, wakaijua Fizi kwa masimulizi ya bibi. Mwaka 2005 safari rasmi za kurudi zilipoanza, walishukia Baraka, hapo hapo karibu na soko la samaki, na magodoro na masufuria yao. Mwaka 2015 zamu iligeuka: Warundi ndio waliokimbia, na kambi yao, Lusenda, ikajengwa kwenye pwani ya Fizi. Wengi wa waliowapokea walikuwa wakimbizi jana yake.

Kiuchumi, Fizi haikosi kitu cha kuuza. Muhogo upo, mawese yapo, mpunga upo kwenye mabonde, mgebuka na ndagala wapo ziwani. Barabara ndiyo taabu. Ile namba 5 inayotoka Uvira kwenda Kalemie hupita Baraka na kupanda Fizi, lakini mvua ikinyesha lori hulala kwenye tope na muhogo huozea humo, bila kusahau vizuizi ambapo kila mwenye bunduki anataka chake. Kwa hiyo nguvu za vijana zimehamia kwenye mali isiyohitaji lori. Dhahabu ya machimbo ya Misisi, humu humu Fizi, husafiri mfukoni mwa shati, nyuma ya pikipiki. Huko inapimwa kwa tola, kipimo kutoka Bara Hindi, kwenye mizani ndogo inayotoshea kiganjani, na mchimbaji aliyekesha shimoni huzuia pumzi mpaka sindano itulie.

Ziwa nalo halitoi kama zamani. Taa za karabai zimebadilishwa na balbu za betri, zenye mwanga mkali zaidi, na mitumbwi imeongezeka kwenye maji yale yale. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue. Miezi hiyo ndiyo ya kusi, upepo wa kiangazi unaoinua mawimbi. Pale Mushimbake nahodha wa Kigoma hutazama maji nje ya Ubwari kabla ya kupokea nauli. Yakianza kuwa meupe, abiria hushuka, hukaa juu ya madumu yao ya mawese, wakingoja.