Shokapu Iliyochakaa na Ushahidi wa Barabara

Historia ya gari aghalabu huandikwa kwa injini yake. Watu hukumbuka nguvu za farasi, idadi ya silinda, na mwendo uliofikiwa. Na wakimtaja mshindi wa mashindano huusifu moyo wa chombo chake na kuisahau miguu. Lakini katika nchi ya barabara za udongo, kama ilivyokuwa Maswa kwa karibu karne nzima iliyopita, magari mengi hayakushindwa kwa upungufu wa nguvu. Yalishindwa kwa kukosa kushikamana na ardhi. Kifaa kinachoulinda mshikamano huo ni kizuia mshtuko, ambacho wengine hukiita shokomzoba na mafundi wengi hukiita shokapu. Mwenye gari la mbio la zamani hujuaje kwamba shokapu zake zimekwisha na kwamba wakati wa kuzibadili umewadia? Swali hili laonekana kuwa la karakana tu, lakini lina historia, na sehemu kubwa ya jibu lake ilitolewa na barabara zenyewe.

Wilaya ya Maswa, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, na kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, ni sehemu ya Usukuma. Wasukuma, kwa kuwa ni wakulima na wafugaji, waliupa udongo wao majina tangu zamani: luseni ni udongo wa kichanga wa miinuko, na mbuga ni udongo mweusi mzito wa mabondeni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, alieleza jinsi aina za udongo katika Afrika ya Mashariki zinavyofuatana kwa utaratibu kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo. Alichokieleza mtaalamu huyo kwa kalamu, dereva alikitambua kwa usukani. Barabara ikikata nchi ya namna hiyo hugeuka tabia kila baada ya mwendo mfupi. Mbuga hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, ikaacha mashimo na mifereji. Na penye changarawe kavu, magurudumu yenyewe huchonga vijituta vilivyopangana mfano wa bati la nyumba.

Vijituta hivyo vyafaa kupigiwa hesabu. Tuseme vimeachana kwa sentimita 80. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja, na kila gurudumu hupigwa mara 21 hivi katika sekunde hiyo. Kutoka Mwigumbi hadi Maswa ni kiasi cha kilomita 50. Kama njia yote ingekuwa na vijituta vya namna hiyo, gurudumu moja lingepokea mapigo zaidi ya 60,000 kabla msafiri hajashuka kunywa maji.

Vyombo vilivyoizoea hali hii kwanza ni malori. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na stesheni ya Malampaka ikawa mlango wa Maswa. Lakini pamba haikuota kando ya reli. Ilibidi ichukuliwe vijijini, na baada ya Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria kuundwa mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, biashara ya pamba ya Usukuma ilizidi kupanuka na kazi ya malori ikazidi nayo. Lori lilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyolaliana. Vyuma hivyo vikisuguana huutuliza mruko kwa msuguano wao wenyewe, na shehena ya marobota huushikiza mwili wa lori chini. Kwa hiyo lori liliweza kufanya kazi hata shokapu zake zikiwa dhaifu. Gari la mbio halina msamaha huo. Ni jepesi, mara nyingi springi zake ni za koili zisizosuguana, na dereva wake hulitaka kwenye kona lisilolitakwa lori.

Hapa ndipo ilipo haja ya kujua kazi ya shokapu, maana wengi hudhani kwamba ndiyo inayolibeba gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Springi ikibonyezwa huiweka akiba nguvu ya pigo, kisha huirudisha; na kama haizuiwi, gari huendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi katika wimbi. Shokapu huizuia nguvu hiyo kwa kusukuma mafuta kupitia matundu membamba ya vali, na mruko ukageuka joto. Hivyo basi shokapu inayofanya kazi hupata moto, na shokapu iliyokufa hukaa baridi.

Ubunifu huu haukuja kwa siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault alitumia visahani vilivyosuguana, na Mmarekani Edward Hartford akaieneza kazi hiyo kwao. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alitumia mafuta badala ya msuguano mkavu. Ford ya aina ya T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, iliingia sokoni bila vizuia mshtuko. Iliyoirithi, aina ya A, ilitoka kiwandani ikiwa na shokapu za mafuta za Houdaille. Baadaye ikaenea shokapu ya bomba tunayoijua leo. Lakini mafuta yakipigwa sana huchanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halina ukinzani. Christian Bourcier de Carbon wa Ufaransa alilitatua jambo hili kwa kuyabana mafuta kwa gesi yenye shinikizo, na mwaka 1957 kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaanza kutengeneza kwa wingi shokapu za gesi kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz.

Wakati wataalamu wa Ulaya wakishughulika na povu, Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuanzisha mtihani mkali wa vyombo hivyo. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalifanyika mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika; na tangu mwaka 1960 yakajulikana kwa jina la East African Safari. Katika miaka ya 1960 yalikuwa ya karibu kilomita 5,000, tena wakati wa Pasaka, mvua zinyeshapo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 waliomaliza walikuwa saba vilevile. Tope ndilo lililozuia wengi, lakini waliovuka tope walikuwa bado na mawe, mashimo na vijituta mbele yao.

Kwa mwenye gari la zamani, ushindi wa kuutafakari zaidi ni ule wa mwaka 1965. Joginder Singh wa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya: lilikuwa limekwisha kushiriki katika Safari ya mwaka uliotangulia, na umbo lake lilitokana na Volvo iliyobuniwa katika miaka ya 1940. Ndugu hao walilitengeneza upya, wakaondoka wa kwanza, wakawatangulia waliowafuata kwa saa moja na dakika arobaini. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404, gari la familia lisilosifika kwa nguvu, bali kwa magurudumu yanayoweza kupanda na kushuka sana bila kuachana na ardhi. Mambo haya yafundisha kwamba uzee wa gari si hoja. Hoja ni hali ya viungo vyake, na viungo vina umri wao mbali na umri wa gari.

Kisha likaja gari la mbio hasa. Datsun 240Z, la viti viwili na silinda sita, lilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Katika gari hili kila gurudumu lina nguzo yake, na shokapu imo ndani ya nguzo, imezungukwa na springi. Muundo huo ni mwepesi na mzuri, lakini humfichia mwenye gari kile anachopaswa kukiona, na kuibadili shokapu si kazi ya kufungua boliti mbili: ni lazima springi ibanwe kwa kifaa chake, kwa maana ikifyatuka yaweza kuua. Timu ya mashindano haikusumbuliwa na kuficha huko, kwani ilikuwa na mafundi wakisubiri njiani na vipuri mkononi. Leo gari kama hilo lina zaidi ya miaka hamsini, na mwenyewe yuko peke yake.

Mtu huyo ana shahidi mmoja wa karibu, yaani mwili wake, na shahidi huyo haaminiki. Shokapu haifi kama taa inavyozimika. Hudhoofika kidogo kidogo kwa maelfu ya kilomita, na dereva huzoea kila hatua ya udhaifu huo, akapunguza mwendo penye kona pasipo kujua amepunguza. Ukimuuliza atasema gari liko kama lilivyokuwa, naye hasemi uongo. Kilichobadilika pamoja na gari ni kipimo chake. Ndiyo maana ushahidi hutafutwa nje ya mwili wake.

Wa kwanza ni wa macho. Mafuta yaliyotiririka kwenye bomba na kushika vumbi yaonyesha kwamba sili imekatika, mara nyingi kwa vumbi lilelile lililokwaruza fimbo ya pistoni. Tairi lililolika kwa mabaka, hapa bonde na pale kilima, lasema kwamba gurudumu limekuwa likiruka badala ya kubingiria. Wa pili ni wa mkono. Ukiibonyeza pembe moja ya gari na kuiachia, yapasa ipande na kutulia. Ikicheza mara mbili au tatu, shokapu imekwisha. Kipimo hiki ni cha zamani na kina kasoro: gari la mbio lenye springi ngumu laweza kukishinda, na shokapu yaweza kuzuia mwendo wa polepole wa mkono hali vali zake haziwezi tena mapigo 21 kwa sekunde. Kwa hiyo huongezwa kipimo cha joto: baada ya mwendo wa barabara mbaya, mabomba yote hukaribiwa kwa hadhari, na lililo baridi kuliko wenzake ndilo linalotiliwa shaka. Wa tatu ni wa mwendo: pua kuinama mno breki zinaposhikwa, na mkia kuhamia pembeni kwenye kona yenye vijituta. Baadhi ya watengenezaji hushauri ukaguzi kila kilomita 20,000. Katika barabara za changarawe, anayengoja hesabu hiyo aweza kuchelewa. Na zikibadilishwa, hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli, kwa kuwa shokapu mpya na nzee kwenye ekseli moja hulivuta gari kwa tabia mbili.

Katika Tanzania kulijua jambo hili hakukutosha kila mara. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipungua sana na vipuri vikawa adimu. Ufundi wa kurefusha maisha ya kilichochakaa ukawa ufundi wa lazima, na hata leo wako mafundi wanaotoboa bomba la shokapu, kumimina mafuta mapya na kulichomelea. Ustadi wao wastahili heshima, lakini mafuta mapya hayarudishi vali zilizolika wala fimbo iliyokwaruzika, na kuchomelea bomba lenye mafuta au gesi ni hatari kwa mchomeleaji. Shida ya zamani ilifanya ukarabati uwe hekima. Upatikanaji wa leo waufanya mara nyingi kuwa kuahirisha.

Limebaki jambo moja ambalo wazee wa barabara za changarawe hawakulijua. Lami sasa imefika Maswa kutoka Mwigumbi, ikaendelea hadi Bariadi na Lamadi. Ni neema kubwa kwa mkulima, mgonjwa na mwanafunzi. Lakini barabara ya zamani, kwa ubaya wake, ilikuwa mkaguzi: shokapu iliyokufa haikuweza kujificha juu ya vijituta. Lami huificha. Gari la mbio la zamani lenye shokapu zilizokwisha hupita juu yake kwa kilomita 100 kwa saa, kimya na kwa raha, na dereva akaridhika. Kisha kundi la ng'ombe hukata barabara, kama wafanyavyo katika Usukuma asubuhi na jioni. Breki hushikwa, pua huinama, magurudumu ya nyuma hupungukiwa na uzito, na mita chache zilizohitajika hazipatikani. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo aishipo penye lami, yampasa kulikagua mara nyingi zaidi kuliko babaye aliyeendesha katika vumbi, wala asiingoje barabara imwambie.