Rangi ya Kofia ya Chuma

Msomaji, tuseme umewekewa mezani kofia ya chuma ya askari wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Umbo lake ni kama bakuli pana lililofudikizwa. Rangi yake imebanduka, na ukingo wake umeshikwa na kutu. Bila shaka mkono utakuwasha kutafuta msasa na mkebe wa rangi, ili uirudishie upya wake. Nakusihi ungoje kidogo, tusikilize kwanza habari zake.

Vita vilipoanza mwaka 1914, majeshi ya Ulaya yalikwenda vitani na kofia za kitambaa au za ngozi. Punde askari wakajichimbia mahandaki, na makombora yakapasuka juu yao na kuwanyeshea vipande vya chuma vichwani. Mwaka 1915 Wafaransa wakatoa kofia ya chuma, na mwaka huo huo John Brodie akaandikisha Uingereza kofia aliyoibuni, iliyogandamizwa kutoka bamba moja tu la chuma. Mamilioni yakatengenezwa kabla vita havijaisha mwaka 1918.

Rangi nayo haikuwa pambo. Kofia za kwanza zilimeremeta, na mng'aro huo ungeweza kumwita adui. Kwa hiyo mafundi wakatumia rangi iliyofifia, wakaitia mchanga au unga wa mbao ili isiakisi mwanga. Basi ukipitisha kidole juu ya kofia ya kale, ukaona inaparuza, usidhani ni uchafu. Hiyo ni akili ya watu waliotaka kuokoa maisha.

Tena kofia moja yaweza kuwa na tabaka nyingi. Askari wengi wa Marekani, waliovaa kofia za namna hiyo hiyo, walichora juu yake alama za divisheni zao. Katika miaka ya 1930 Waingereza walizitia kofia za zamani bitana mpya ili zitumike tena. Vita Kuu ya Pili vilipofika, walinzi wa mijini waliowaonya raia juu ya mashambulio ya ndege walivaa kofia zenye herufi W. Kila tabaka, basi, ni ukurasa; na msasa haujui kusoma. Dakika kumi za kusugua zaweza kufuta ushahidi uliodumu miaka mia moja.

Waweza kuuliza, “Je, tuiache iliwe na kutu?” La, hasha! Mhifadhi mwangalifu huipiga picha kwanza pande zote, na kuandika anachokiona. Kisha huondoa vumbi kwa brashi laini, hupaka nta nyembamba mahali palipobaki chuma kitupu, na kuiweka pakavu. Kupaka rangi upya humfaa yule ambaye kofia yake haina tena chembe ya rangi ya asili. Naye ni wajibu wake kuandika kwamba rangi ile ni mpya, asije akamdanganya atakayeirithi.

Iko na hatari ya mwili. Rangi za kale mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na mwaka 2014 shule za Uingereza zilionywa kwamba bitana za kofia hizi huenda zina asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa hiyo mwanafunzi asiivae wala kuichokoa.

Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Huenda nyumbani kwenu imo medali ya babu aliyetumikia King's African Rifles huko Burma mwaka 1944, nayo imefifia. Kabla hujaisugua, waulize wazee ni ya nani na aliipataje, ukayaandike majibu yao. Mng'aro waweza kununuliwa dukani siku yoyote. Habari ikipotea, hainunuliki.