Besi za DNA zilizooksidishwa

Besi za DNA zilizooksidishwa ni herufi za urithi zilizoharibiwa na radikali huru za oksijeni. Inayochunguzwa zaidi ni 8-oksoguanini, kwa kuwa guanini huoksidishwa kwa urahisi kuliko besi nyingine. Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura wa Japani waliieleza mwaka 1984. DNA inaponakiliwa, besi hii huweza kushikana na adenini badala ya sitosini, na hapo kosa hurithiwa na seli zinazofuata. Kimeng'enya OGG1 huikata na kuiondoa.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na seli zake nyingi za neva hudumu maisha yote bila kupata mbadala. Mwaka 1994 Patrizia Mecocci na wenzake waliripoti kwamba DNA ya mitokondria katika ubongo wa waliokufa na Alzheimer ilikuwa imeoksidishwa zaidi kuliko ya wasio na ugonjwa huo. Ongezeko limeonekana pia katika ugonjwa wa Parkinson, ndani ya sehemu nyeusi ya ubongo wa kati.

Kama majivu, alama hii ya uoksidishaji huthibitisha kuwa moto umewaka bila kumtaja aliyeuwasha. Sigara, kisukari na saratani huipandisha vilevile, na mkojo hukusanya mabaki ya mwili mzima, si ya ubongo pekee. Maji ya uti wa mgongo yana habari za karibu zaidi, ila kuyapata ni kuchoma sindano mgongoni. Tena, guanini huweza kuoksidishwa maabarani wakati DNA inatayarishwa. Kwa sababu hiyo vipimo vya zamani vinastahili kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Katika Afrika Mashariki pengo kubwa liko kwenye utambuzi wenyewe. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi wa Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kipimo cha mkojo kingekuwa faraja kwa wazee wa kata za mbali kama Kasansa, mkoani Katavi. Lakini kwa sasa hakuna ugonjwa wa aina hii unaothibitishwa kwa 8-oksoguanini peke yake: kwa Parkinson, daktari huanza kwa kutazama mtetemo, ukakamavu wa misuli na mwendo uliopungua kasi.