Nasaba ya Kuumeni katika Mifupa ya Uingereza na Ayalandi

Zamani za wafalme wa Ayalandi, mtu alijulikana kwa baba zake. Majina yenyewe yashuhudia hayo: Mac maana yake ni mwana, na Ó maana yake ni mjukuu au mzawa, basi mtu wa huko atajapo jina lake huwa amekwisha kutaja na kiungo kimoja cha nasaba yake. Mnyororo wa baba ndio uliompa mfalme haki ya kudai kiti. Kwa hiyo koo kubwa ziliwatunza mabingwa ambao kazi yao ilikuwa kuhifadhi majina ya waliotangulia, na bingwa wa namna hiyo aliheshimiwa, maana aliyeweza kumwingiza mtu katika shajara aliweza pia kumtoa. Watawa walipoyatia mambo hayo katika maandishi hawakutosheka na vizazi kumi wala ishirini. Katika kitabu kiitwacho Lebor Gabála Érenn, kilichokusanywa katika karne ya 11, waliupandisha mnyororo hata kwa Míl wa Hispania, ambaye wanawe yasemekana waliitwaa Ayalandi, na toka kwake hata kwa Nuhu. Msomaji aliyezoea tarehe za miji ya pwani ya Afrika Mashariki hatastaajabu; kila penye kiti cha enzi hapakosi mtu wa kukitafutia babu wa mbali.

Shaka juu ya nasaba za namna hii ni ya siku nyingi, lakini haikuwa na hakimu. Karatasi iliweza kukanushwa na karatasi nyingine tu. Hakimu mwingine amepatikana katika miongo ya karibuni, naye ni mfupa.

Katika chembe za mwili wa mwanamume mna kromosomu moja iitwayo Y, ambayo huipata kwa baba yake peke yake, na baba kwa baba yake, hata juu. Ingalirithiwa bila badiliko lolote isingalifaa kitu kwa historia, kwa kuwa Y za wanaume wote zingalikuwa sawa. Lakini kila inaponakiliwa huwezekana kosa dogo kuingia, herufi moja mahali pa nyingine, na kosa hilo huwafuata wana na wajukuu hata mwisho wa uzao. Waliopata kulinganisha hati za kale za tenzi wataifahamu kazi hii upesi: hati mbili zenye kosa moja lisilo la kawaida zimetokana na hati moja iliyokosewa kwanza. Hivyo ndivyo wanaume wa dunia wanavyopangwa katika matawi, na matawi hayo yakapewa herufi na tarakimu, kama vile I2 na R1b.

Kazi ilianza kwa watu walio hai, kwa kuwa vinasaba vyao vilipatikana kwa urahisi. Mwaka 2006 wataalamu wa Trinity College, Dublin, akiwamo Daniel Bradley, walitangaza ya kuwa kaskazini-magharibi ya Ayalandi yapata mwanamume mmoja katika kila watano alikuwa na Y ya namna moja, na ya kuwa namna hiyo ilionekana sana kwa wenye majina ya koo za Uí Néill, zinazodai kutoka kwa Niall wa Mateka Tisa, mfalme anayesimuliwa kuwa aliishi karibu na karne ya 5. Habari hiyo iliwafurahisha wengi, hata ng'ambo ya bahari huko New York, wakajiona wana wa mfalme. Furaha yao ilitangulia hoja. Y yaweza kuthibitisha kwamba wanaume hao wana babu mmoja. Haiwezi kumtaja jina. Hakuna mfupa wa Niall uliopata kupimwa, na babu huyo wa wengi yamkini alikwisha kufa zamani kabla ya Niall kuzaliwa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Siku hizo hizo walikuwako mabingwa, Stephen Oppenheimer miongoni mwao, walioona jinsi tawi la R1b lilivyoenea Ayalandi, Wales na nchi ya Wabaski, wakatoa hoja kwamba wazee wa visiwa hivi kwa sehemu kubwa walitoka upande wa Hispania baada ya zama za barafu, kabla ya kilimo kujulikana. Ilionekana kana kwamba watawa na Míl wao wamepata shahidi. Hoja ilipendeza, ila ilimhukumu marehemu kwa sura ya mjukuu wake. Ilipopatikana njia ya kusoma Y ndani ya mifupa ya kale yenyewe, ikaanguka.

Njia hiyo yategemea zaidi mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao huweza kuhifadhi vinasaba kwa maelfu ya miaka hata pale mifupa mingine isipokuwa nacho tena cha kusomwa. Mtu wa Cheddar, aliyefukuliwa mwaka 1903 katika pango moja la Somerset, aliishi yapata miaka 10,000 iliyopita. Alikuwa mwindaji, na Y yake ni ya tawi la I2, wala si R1b. Yapata mwaka 4000 kabla ya Kristo walikuja wakulima, ambao asili ya wahenga wao ni Anatolia, katika Uturuki ya leo. Nao pia kwa sehemu kubwa walikuwa na Y za I2, kwa kuwa wazee wao walichanganyika na wawindaji wa Ulaya njiani.

Kaburi la wakulima hao lililosema mengi kuliko yote ni la Hazleton North, katika vilima vya Cotswolds. Ni lundo refu la mawe lenye sehemu mbili za kuzikia, moja kaskazini na moja kusini, lililojengwa yapata miaka 5,700 iliyopita. Walipimwa watu 35, na mwaka 2021 ikatangazwa ya kuwa 27 kati yao walikuwa jamaa wa ukoo mmoja wa vizazi vitano. Mwanzoni mwa ukoo huo alikuwako mwanamume mmoja aliyezaa na wanawake wanne. Wana wa kiume walizikwa pamoja na baba zao, na wana wao pamoja nao. Mabinti waliokwisha kukua hawakuonekana, na yamkini waliolewa na kuzikwa kwa waume zao. Ni ukoo wa kuumeni ulioandikwa kwa mifupa, miaka elfu nyingi kabla ya kalamu kufika katika visiwa hivyo.

Lakini mna mambo mawili humo ambayo hayakutazamiwa. La kwanza ni habari ya wale wanawake wanne. Uzao wa wawili kati yao ulizikwa upande wa kusini, na uzao wa wawili wengine kwa kawaida ulizikwa upande wa kaskazini. Baba ndiye aliyewapa wote haki ya kaburi, lakini mama ndiye aliyeamua mlango. Jambo la pili ni zito zaidi. Miongoni mwa waliozikwa walikuwako wanaume ambao mama yao alizaa na mtu wa ukoo huo, ila wao wenyewe walizaliwa na mwanamume mwingine. Walikuwa wana wa kambo, na walizikwa kama wana. Kwa hiyo hata watu ambao nasaba ya baba ilikuwa ndiyo sheria yao hawakuifanya damu kuwa njia ya pekee ya kuingia katika ukoo. Mpimaji wa leo ambaye angependa kuwatoa watu hao kwa sababu Y zao hazilingani angekuwa anaivunja hukumu iliyokatwa na wenye kaburi, nao walijua zaidi yake nani alikuwa mwana wa nani.

Ayalandi nayo ilitoa kaburi la namna nyingine kabisa. Newgrange ni kilima kikubwa cha mawe kilichojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, na ujia wake huingiwa na jua linapochomoza katika siku fupi kupita zote za mwaka. Mwaka 2020 Lara Cassidy, pamoja na Bradley na wenzao, walitangaza habari za mwanamume aliyezikwa katika chumba chake kilichopambwa zaidi: wazazi wake walikuwa ndugu wa damu, au mzazi na mwanawe. Ndoa kama hizo zilipata kujulikana katika nyumba za wafalme waliohesabiwa kuwa miungu, kama Mafirauni wa Misri, na wataalamu hao waliona hapo dalili ya nyumba ya watawala. Ajabu ni kwamba masimulizi ya huko, yaliyoandikwa mara ya kwanza katika karne ya 11, yasema juu ya kilima cha jirani, Dowth, kuwa mfalme mjenzi alimwingilia dada yake ili aurudishe mwendo wa jua. Wanaodharau mapokeo ya mdomo wana la kufikiri hapo. Wanaoyaamini yote nao wasikimbilie kushangilia, kwa maana baina ya kaburi na wino ulipita muda wa miaka 4,000.

Baada ya wakulima hao mnyororo ulikatika. Yapata mwaka 2450 kabla ya Kristo walifika Uingereza watu wenye vyombo vya udongo vya umbo la kengele na ujuzi wa shaba na dhahabu, wakitokea pande za Uholanzi na mto Rhine. Nao kwa sehemu walikuwa na asili ya wafugaji wa mbuga za mashariki ya Ulaya. Mwaka 2018 Iñigo Olalde, David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzao wengi walichapisha vipimo vya watu wa kale 400 wa Ulaya. Ilidhihirika ya kuwa katika karne chache yapata sehemu 90 katika 100 za urithi wa vinasaba vya Uingereza zilibadilika. Lile tawi la R1b ambalo leo limeenea magharibi ya Ulaya halikupatikana kwa hata mmoja wa wanaume wakulima waliopimwa. Kwa waliowafuata lilikuwa zaidi ya 90 katika 100.

Ayalandi ilipata wageni wa asili hiyo hiyo. Mwaka 2006, katika kisiwa kidogo cha Rathlin, kiwanja kilichokuwa kikisafishwa nyuma ya baa ili kutengenezwa njia ya magari kilifichua kaburi. Wanaume watatu wa mahali hapo, walioishi baina ya miaka yapata 4,000 na 3,500 iliyopita, walikuwa wote wa R1b, katika tawi ambalo mpaka leo lina watu wengi sana Ayalandi. Míl na wanawe wa Hispania hawakuhitajiwa tena.

Mifupa haikusema ya kuwa wageni hao waliwaua wenyeji. Vijidudu vya tauni vimeonekana katika mabaki ya watu wa yapata miaka 4,000 iliyopita huko Somerset na Cumbria, kama ilivyochapishwa mwaka 2023; na watu wachache wenye mali na wana wengi waweza kuigeuza hesabu ya Y kwa vizazi vichache bila ya upanga. Mwenye kudhani kwamba wageni hushinda daima kuumeni na asafiri hata Orkney, kaskazini ya Skotlandi. Katika mahali paitwapo Links of Noltland, kwa vipimo vya mwaka 2022, watu wa zama za shaba walikuwa wamebadilika karibu kabisa katika vinasaba vyao vyote, lakini Y zao zilibaki kwa sehemu kubwa zile za I2 za wakulima wa kale. Walioingia huko kwa wingi walikuwa wanawake, wakaolewa na wenye mashamba. Ni kinyume cha mambo yaliyopatikana pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2023, ambako Reich huyo huyo alishiriki katika kupima makaburi ya Waswahili ya miaka 1250 hata 1800: huko nasaba za kuumeni za wengi zilielekea Uajemi na nchi za jirani zake, na za kukeni zilikuwa za Afrika.

Mawimbi ya baadaye yatajwe kwa ufupi. Waangli na Wasaksoni walikuja kwa wingi, wanaume kwa wanawake, hata sehemu 76 katika 100 za asili ya watu wa mashariki na kusini ya Uingereza waliopimwa zikawa za ng'ambo ya bahari. Hayo yalichapishwa mwaka 2022. Kabla yao, huko Dorset, wakati Warumi walipokaribia kuja, palikuwa na watu walioishi kwa kufuata mama. Katika makaburi ya Winterborne Kingston, kama ilivyotangazwa mwaka 2025, wengi wa waliozikwa walitokana na mwanamke mmoja, na Y zao zilikuwa za namna nyingi kwa kuwa waume ndio waliohamia kwa wake. Mwenye kusoma Y peke yake angeona pale fujo tupu, na kumbe palikuwa na utaratibu.

Kesi ya mwisho ni ya mfalme. Richard III aliuawa katika vita vya Bosworth mwaka 1485, akazikwa katika kanisa la watawa huko Leicester. Kanisa likabomolewa na kaburi likapotea. Mwaka 2012 mifupa ilifukuliwa chini ya kiwanja cha kuegesha magari. Turi King wa Chuo Kikuu cha Leicester na wenzake wakatafuta jamaa walio hai wa pande zote mbili. Kuumeni ilibidi kupanda kwa Edward III, babu wa babu yake Richard, kisha kushuka kwa mwanawe John wa Gaunt hata kwa Henry Somerset, mtawala wa Beaufort wa karne ya 18, na toka kwake kwa wanaume watano wa leo. Karatasi za nasaba hiyo zilikuwa miongoni mwa zile zilizotunzwa vizuri kuliko zote Uingereza. Zenyewe ziliungama viungo viwili vya nje ya ndoa, navyo vilikwisha kukubaliwa zamani.

Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wanne wa wale watano walikuwa wa R1b, wa tano akawa wa tawi jingine, na Richard mwenyewe wa tawi la G. Basi katika viungo 19 baina ya Richard na Henry Somerset, kimoja angalau si cha damu, na kingine kilikatika baadaye kabla ya kumfikia yule wa tano. Kikiwa ni kati ya Edward III na John, kinawagusa wafalme wote wa Lancaster. Kikiwa chini sana, huenda kisimguse mfalme yeyote. Hakuna aliyevuliwa cheo kwa ajili hiyo.

Upande wa kukeni ulikuwa tofauti. Dada yake Richard, Anne wa York, ana uzao wa mama kwa mama uliofika hata leo, na watu wawili wa uzao huo walipopimwa, vinasaba vya kukeni vya mmoja vililingana na vya mifupa kabisa, na vya mwenzake vilipungukiwa na herufi moja tu. Kwa ushahidi huo na mwingine Richard alitambuliwa, akazikwa tena katika kanisa kuu la Leicester mwezi wa Machi 2015. Mmoja wa wale wawili alikuwa seremala, naye ndiye aliyelichonga jeneza.