Shahada Iliyokataliwa Roma

Tunaposikia habari za Erasmus, mpango unaowapeleka wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu vya Ulaya kutoka nchi moja hadi nyingine, twaweza kudhani kwamba ulizaliwa katika vikao vya wakubwa. La hasha. Mwaka 1958 binti wa Kiitalia, Sofia Corradi, alirudi Roma akitoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na shahada ya uzamili ya sheria mkononi. Akakiomba chuo chake, La Sapienza, kimhesabie masomo yale. Karani akamdhihaki mbele ya watu, kana kwamba alikuwa Marekani kutembea tu.

Wengi wetu tungenung'unika, kisha tukanyamaza. Corradi hakunyamaza. Alipokuwa mshauri wa baraza la wakuu wa vyuo vikuu vya Italia, alianza mwaka 1969 kutetea hoja moja: masomo ya ugenini, yakiisha kukubaliwa na chuo cha nyumbani, yahesabiwe. Akabisha hodi miaka mingi. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilianza majaribio, na tarehe 15 Juni 1987 mpango wenyewe ukapitishwa. Mwaka ule wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 wa nchi 11. Mama huyu alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Hoja yake ilikuwa na babu zake. Mwaka 1233 Papa Gregori IX alikijalia chuo cha Toulouse kwamba mwalimu aliyetahiniwa na kukubaliwa pale aweze kufundisha popote pasipo mtihani mwingine. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa matendo, Paris na Oxford walikuwa wagumu kupokeana! Hata hivyo wasomi walitembea. Padre Erasmus wa Rotterdam, ambaye mpango huu una jina lake, alisoma Paris, akapata udaktari wa teolojia Turin mwaka 1506, akafundisha Cambridge, akafia Basel mwaka 1536.

Kwa maoni yetu, nguvu ya mpango huu haimo katika nauli. Imo katika hesabu iliyoanza kujaribiwa mwaka 1989: mwaka mmoja wa masomo ni vipimo 60, na kilichosomwa Lisbon hupokewa Berlin. Fedha ni suala jingine. Ruzuku husaidia tu, haitoshelezi yote, na mtoto wa maskini hufikiri mara mbili kabla ya kufunga mzigo.

Walimu nao huenda kufundisha ugenini kwa muda mfupi. Tangu mwaka 2007 mlango ulifunguliwa pia kwa wafanyakazi wasiofundisha, wakajifunze kazi katika vyuo vya nchi nyingine. Basi hata karani wa usajili, mwenzake yule aliyeicheka karatasi ya Corradi, aweza leo kufunga safari.