Mtahini wa Nje na Malezi ya Wanafunzi Hodari: Chuo cha Swarthmore, 1922

Namna ya kuwalea wanafunzi wenye vipaji kabla hawajapata shahada ya kwanza ni suala la siku nyingi katika vyuo vikuu. Hapa twachunguza jibu moja, lililotolewa na Chuo cha Swarthmore, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Frank Aydelotte, mzaliwa wa Indiana (1880), alikwenda Oxford mwaka 1905 kwa msaada wa masomo wa Rhodes. Huko aliona kuwa wanafunzi hodari waliwekewa njia yao mbali, iliyo ngumu zaidi. Kwao Marekani wote walikwenda mwendo mmoja, kama askari katika kwata, na mwendo wenyewe ulikadiriwa kwa uwezo wa mtu wa kati. Aliposhika uongozi wa Swarthmore mwaka 1921 aliazimia kuuvunja utaratibu huo. Mwaka uliofuata mpango wake ukaanza.

Katika miaka miwili ya mwisho, mwanafunzi aliyekubaliwa aliachiliwa vipindi vya kawaida na mitihani yake. Badala yake aliingia semina ya watu wachache, akaandika makala na kuyatetea mbele ya wenzake. Mwishowe alitahiniwa, kwa maandishi na kwa mdomo, na wataalamu kutoka vyuo vingine.

Jambo hili la mwisho ndilo kiini. Mwalimu atungaye mtihani wake mwenyewe ni mlezi na hakimu kwa pamoja, na mwanafunzi hujifunza kumridhisha yeye. Hukumu ikiwa mikononi mwa mgeni, mwalimu na mwanafunzi huwa upande mmoja.

Afrika Mashariki nayo ilimjua mtahini wa nje. Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1949, mtahini alikuja kulinda thamani ya shahada. Swarthmore alikuja kuyapa malezi uhuru. Cheo ni kimoja, kazi ni mbili.

Wako waliolalamika kuwa kuwateua wachache ni kinyume cha demokrasia. Lawama hiyo haipuuziki, kwani saa za mwalimu apewazo mwanafunzi mmoja hupunguzwa kwa mwingine. Aydelotte alishikilia kuwa usawa si kuwapa wote kipimo kimoja. Aliondoka mwaka 1940, lakini watahini wa nje wangali wakialikwa Swarthmore. Vyuo vyetu navyo vinao. Lililobaki ni kuamua kama watalinda kipimo tu, au watasaidia malezi pia.