Vyuo na Viwanda Kushirikiana Kupunguza Moshi wa Dizeli: Nafasi ya Ilemela na Ukanda wa Ziwa

Injini ya dizeli inabeba sehemu kubwa ya uchumi wa Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza. Malori yanayopakia dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, meli na vivuko vinavyounganisha Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, mitambo ya ujenzi wa barabara pamoja na jenereta za dharura katika viwanda vya kuchakata samaki, vyote hutegemea nishati hiyo. Injini ya dizeli hupendwa kwa kuwa ni imara, hudumu miaka mingi na hutumia mafuta machache kuliko ya petroli kwa kazi ileile. Hata hivyo, moshi wake una gharama isiyoandikwa katika risiti ya kituo cha mafuta.

Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1988, moshi huo ulikuwa katika kundi la vitu vinavyodhaniwa tu kusababisha ugonjwa huo. Uamuzi huo ulitokana na ushahidi uliokusanywa kwa wafanyakazi waliovuta moshi kwa miaka mingi, wakiwemo wachimbaji wa migodi ya chini ya ardhi. Kwa ukanda wa ziwa, wanaoguswa zaidi ni mafundi wa gereji, madereva, wapakiaji wa mizigo, mabaharia wa vyumba vya injini na waendesha jenereta.

Moshi hutokea vipi

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi kupata joto kali, kisha injekta hunyunyiza dizeli ambayo huwaka yenyewe. Pale mafuta yanapokosa hewa ya kutosha, hubaki masizi, yaani chembechembe nyeusi ndogo sana zinazoweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Pale moto unapokuwa mkali mno, nitrojeni iliyomo hewani huungana na oksijeni na kutoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru njia ya hewa.

Ugumu wa kitaalamu uko hapo. Hatua inayopunguza masizi kwa kuongeza joto la mwako mara nyingi huongeza oksidi za nitrojeni, na ile inayopoza mwako hurudisha masizi. Kwa sababu hiyo, injini za kisasa hutumia mbinu kadhaa kwa pamoja: injekta zenye shinikizo kubwa, kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto, kichujio cha kunasa masizi katika bomba la moshi, na kimiminika cha urea kinachogeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Hatua ya kwanza ilikuwa mafuta

Vifaa hivyo haviwezi kufanya kazi ipasavyo kwa mafuta yenye salfa nyingi, kwani salfa huharibu vichocheo vilivyomo ndani yake na yenyewe huongeza chembechembe katika moshi. Kwa kuzingatia hilo, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango cha pamoja cha dizeli, na kuanzia Januari 2015 Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, sawa na miligramu 50 kwa kila kilo ya mafuta. Nchini Tanzania, viwango vya mafuta husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), huku Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ikisimamia ubora wa mafuta sokoni.

Mafuta safi yalifungua mlango, lakini hayakuondoa moshi peke yake. Gari lililotumika nje ya nchi huweza kufika likiwa na kichujio kilichojaa. Kichujio hicho huhitaji joto la takribani nyuzi 600 za sentigredi ili masizi yaliyonaswa yateketee, joto ambalo gari linalosimama na kuondoka mara kwa mara mjini hulifikia kwa shida. Kinapoziba, gari hupoteza nguvu, na fundi asiye na vifaa vya kukisafisha huona njia rahisi ni kukikata na kuunganisha bomba tupu. Gari hurudi barabarani likiwa na nguvu, na masizi yote hutoka nje. Kwa gari la namna hiyo, faida ya mafuta safi hupotea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya pengo la ujuzi na vifaa katika gereji.

Kwa nini chuo na kiwanda

Nchi zilizotangulia katika eneo hili hazikuiachia kazi hiyo taasisi moja. Kituo cha Utafiti wa Injini cha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison nchini Marekani, kilichoanza mwaka 1946, hufanya tafiti za mwako wa dizeli kwa kushirikiana na watengenezaji wa injini. Nchini Sweden, Chuo Kikuu cha Lund kimefanya utafiti wa mwako pamoja na kampuni za Scania na Volvo. Kiwanda hupata maarifa na wataalamu, na chuo hupata injini halisi za kufanyia kazi badala ya michoro ya ubaoni.

Chuo pia huwa shahidi asiyeegemea upande. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima moshi wa magari ya dizeli yakiwa barabarani na kubaini, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, kuwa baadhi ya magari ya Volkswagen yalitoa oksidi za nitrojeni kwa wingi uliopita mbali kile kilichoonekana maabara. Septemba 2015 mamlaka za Marekani zilitangaza kuwa magari hayo yalikuwa na programu ya kutambua yanapopimwa. Kampuni ilikiri kuwa magari takribani milioni 11 duniani yalihusika.

Msingi uliopo nchini

Tanzania ina mifano ya ushirikiano inayoweza kujengewa juu yake. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina karakana ya kubadilisha mifumo ya magari ili yatumie gesi asilia, ambapo mafundi hufunzwa juu ya magari ya wateja halisi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kina kituo cha ukaguzi wa magari. Hata hivyo, bomba la gesi kutoka Mtwara huishia Dar es Salaam, hivyo kwa Mwanza dizeli itaendelea kutumika kwa muda, na jibu lake ni lazima lipatikane hukohuko ziwani.

Mkoani Mwanza, Kampasi ya DIT iliyobobea katika teknolojia ya ngozi hufundisha kwa mfumo wa kiwanda ndani ya chuo, ambapo mwanafunzi hujifunza kwa kuzalisha bidhaa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina chuo katika eneo la Nyakato. Kwa upande wa viwanda, Ilemela ina yadi ya Songoro Marine inayojenga vivuko na boti. Ukarabati wa meli ya MV Victoria, iliyoanza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurejea ziwani mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, uliihusisha meli hiyo kufungwa injini mpya. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka kina urefu wa kilomita 341, imesanifiwa kwa treni za umeme, tofauti na vichwa vya dizeli vya reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Kinachobaki ni kuunganisha nguvu hizo. Chuo chenye kifaa cha kupima weusi wa moshi kinaweza kuhudumia kampuni za malori, vivuko na viwanda vya samaki, na takwimu zake zikamsaidia mmiliki kujua ni injini ipi ya kutengenezwa kwanza. Kiwanda nacho kinaweza kupokea wanafunzi katika karakana zake na kutoa injini chakavu za kufundishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 zimeweka msingi wa kisheria, ila kiwango kisichopimwa hubaki kwenye karatasi.

Anachoweza kufanya mmiliki wa injini

Rangi ya moshi ni taarifa ya awali. Moshi mweusi huashiria mafuta mengi kuliko hewa, hivyo filta ya hewa, injekta na turbo vikaguliwe. Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria dizeli isiyoungua au maji kuingia katika silinda. Jenereta iwekwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na madirisha, na injini isiachwe ikiunguruma wakati wa kupakia mizigo.

Masizi meusi ni dizeli iliyolipiwa ambayo haikuungua yote. Mmiliki anayeyapunguza huokoa fedha, na wapakiaji na majirani wa Mwaloni hupata hewa iliyo safi zaidi.